Beringi Isiyo na Gololi

Neno kerezo limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939. Viungo vya ndani vya chombo hicho, hata hivyo, tuliwaachia mafundi wavipe majina, nao wakasema beringi. Neno hilo twalikubali. Tatizo ni kwamba limeandamana na gololi, na makerezo mengi ya kale hayakuwa nazo.

Mwaka 1839 Isaac Babbitt wa Marekani alipata hataza ya beringi iliyotandikwa ndani madini laini yenye bati. Katika kerezo dogo la South Bend, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, shafti ilizunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha kusubu, ikipata mafuta kwa utambi wa sufu iliyoshindiliwa. (Utambi ni neno la taa, nalo latosha kabisa.)

Fundi aambiwaye “safisha beringi” huwaza gololi, akashindilia grisi. Grisi huziba utambi, na shafti husagika kikavu. Hivyo twapendekeza beringi tupu, mkabala wa beringi ya gololi. Beringi tupu husafishwa kwa kuchomoa shafti, kuondoa masizi, kubadilisha utambi uliokauka na kutia mafuta mepesi.