Kiwango cha kuiva kwa tambi

Kiwango cha kuiva kwa tambi ni ule ugumu au ulaini anaoutaka mlaji anapozitafuna tambi zilizochemshwa. Nchini Italia hupendwa zaidi tambi zilizoiva lakini bado zinakaza kidogo chini ya jino, hali inayoitwa al dente. Kwingineko wengi huzipenda laini kabisa. Tofauti hii huelezwa mara kwa mara kama suala la utaifa, kwamba Mwitaliano anajua kupika na wengine hawajui. Maelezo hayo hayatoshi. Ugumu unaopendwa hufuata aina ya ngano na kazi ambayo tambi zitaifanya katika mlo; mambo hayo mawili yakibadilika, mapendeleo ya watu nayo hubadilika.

Ushahidi wa kwanza umo sufuriani. Tambi kavu ni unga na maji, vikakandwa, vikasukumwa kwenye matundu na kukaushwa. Zikitiwa kwenye maji yanayochemka, mambo mawili huanza kushindana. Chembe za wanga hunyonya maji na kuvimba. Wakati huohuo protini za ngano, yaani gluteni, hushikana zikawa wavu unaozizuia chembe hizo zisipasuke na kumwagika. Wavu ukiwahi, tambi hubaki imara na maji huchafuka kidogo tu. Wanga ukiwahi, tambi hunata na maji yakawa mazito kama uji. Ngano ya durumu, yenye punje ngumu na protini nyingi, huleta wavu wenye nguvu; ngano laini, ile ya mkate na chapati, huleta wavu dhaifu zaidi, na tambi zake hupita haraka kutoka ubichi hadi kurojeka. Maji huingia kutoka nje kwenda ndani, ndiyo maana kiini huiva mwisho. Maabara za nafaka hulitumia jambo hilo kupima. Uzi mmoja wa spageti huopolewa kila baada ya muda mfupi na kubanwa kati ya vipande viwili vya kioo. Mwanzoni huonekana mstari mweupe katikati, nao ni wanga ambao maji hayajaufikia. Mstari hukonda, hukatikakatika, kisha hutoweka, na wakati unapotoweka ndio huandikwa kuwa muda kamili wa kupika. Mpenzi wa al dente huipua kabla kidogo ya hapo. Mpenzi wa ulaini huacha dakika chache zaidi. Ugomvi wote huu, basi, unahusu muda mfupi sana.

Historia nayo haimwachii Mwitaliano dai la kwamba amekuwa hivyo tangu zamani. Maestro Martino, mpishi wa karne ya 15 aliyeandika Libro de arte coquinaria, aliagiza makaroni za Kisisilia zichemshwe kwa saa mbili. Hata tukikubali kwamba zilikuwa nene na kavu sana, saa mbili haziachi chochote cha kukaza. Kilichobadilisha mambo kinaonekana vizuri zaidi Naples, kusini mwa Italia, ambako kuanzia karne ya 17 mashine za kukamulia unga zilizifanya tambi kuwa chakula cha bei nafuu cha mitaani. Mwandishi Mjerumani Goethe, aliyefika huko mwaka 1787, aliandika kwamba makaroni zilichemshwa kwa maji tu na kunyunyiziwa jibini. Walaji walikula wamesimama, kwa mkono. Tambi iliyorojeka hukatika mkononi, na penye jibini peke yake hakuna mchuzi wa kuificha kasoro yake. Ni vigumu kutoona uhusiano kati ya ulaji huo na kupendwa kwa ugumu. Baadaye sheria namba 580 ya mwaka 1967 iliamuru tambi kavu zinazotengenezwa Italia ziwe za ngano ya durumu, na tabia ya kusini ikapata malighafi yake nchi nzima.

Pwani ya Afrika Mashariki inatoa kipimo kizuri cha hoja hii. Tambi nyembamba za futari huvunjwavunjwa, hukaangwa kwa mafuta au samli mpaka ziwe za kahawia, ndipo hutiwa maji au tui, sukari na iliki, na kuachwa zikauke kwenye moto mdogo. Hakuna maji ya kuchuja, kwani sufuria hupewa kiasi ambacho tambi zitakimaliza. Kinachotakiwa ni ulaini uliochambuka, uzi usishikane na mwenzake, na mafuta ya kukaangia ndiyo yanayosaidia hapo. Kiini kinachokaza kingekuwa kasoro, maana hakijanyonya tui wala sukari. Mpishi wa Unguja anapambana na adui yuleyule wa mpishi wa Naples, wanga unaonata, ila kwa njia nyingine.

Kuna watakaosema kwamba, kama ni hivyo, hakuna tambi zilizopikwa vibaya. Zipo. Spageti za mchuzi wa nyanya zikirojeka, sehemu ya wanga imeshabaki majini, uso wa tambi umechanika, na mchuzi unakuwa majimaji. Hapo mlo umeharibika kwa kipimo chake wenyewe. Wengine hutetea ulaini kwa sababu ya tumbo. Kwa mtoto mdogo na mgonjwa wana haki, na Waitaliano wenyewe huwapikia tambi ndogondogo laini katika supu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kinyume chake kina uzito: wanga ulioshikamana humeng'enywa polepole, na spageti hupandisha sukari ya damu taratibu kuliko mkate mweupe, faida inayopungua kadiri zinavyopikwa kupita kiasi. Lakini hilo halihalalishi kupakua tambi zenye kiini cha ungaunga na kuziita za asili. Huo ni ubichi.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zichukuliwe kama makadirio. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka karibu na nyuzijoto 94, kwa hiyo tambi huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Zitakazomaliziwa kwenye kikaango pamoja na mchuzi huipuliwa dakika moja au mbili mapema, na za kuokwa mapema zaidi, kwa kuwa zitaendelea kunyonya humo.