'Frequency' si 'wavelength': Tusiyatwike masafa maana mbili

KUNA mkanganyiko uliozoeleka katika vyombo vyetu vya habari kuhusu tafsiri ya maneno mawili ya Kiingereza: 'frequency' na 'wavelength'. Aghalabu yote mawili hutafsiriwa kwa neno moja tu, masafa.

'Frequency' ni idadi ya mawimbi yanayopita mahali fulani kwa sekunde moja. Hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Hertz. 'Wavelength' nayo ni umbali kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha wimbi linalofuata, na hupimwa kwa mita.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Hivyo basi, idadi ikipanda, urefu hupungua. Gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kituo cha FM cha megahezi 100 hutumia mawimbi ya mita 3, ilhali cha AM cha megahezi 1 hutumia mawimbi ya mita 300.

Chanzo cha mkanganyiko ni historia. Masafa, neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni umbali. Ndiposa 'shortwave' ikaitwa masafa mafupi na 'medium wave' masafa ya kati. Hapo masafa ni urefu wa wimbi. Vituo vya FM viliposhamiri, neno lilo hilo likabebeshwa maana ya 'frequency', kama mtangazaji anapotaja masafa ya kituo chake.

Matokeo yake, baadhi ya watafsiri wakikumbana na 'high frequency' huandika 'masafa marefu'. Hilo ni kosa. Katika mgawanyo wa mawimbi ya redio, 'high frequency' ni megahezi 3 hadi 30, yaani mita 100 hadi 10. Hayo ndiyo masafa mafupi yenyewe!

Kosa hili lina gharama. Mkazi wa Ntimaru, katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, akisoma kwamba kituo kipya kitatumia 'masafa marefu', atadhani kitasikika mbali. Kumbe ni kituo cha FM, ambacho mawimbi yake huenda takriban kwa mstari ulionyooka na huweza kuzuiwa na mlima. Mawimbi ya kati ndiyo hufuata uso wa ardhi, na usiku hurudishwa na tabaka la juu la angahewa hadi mbali. Msomaji huyo ataishia kulaumu redio yake bure.

Kwa hivyo, 'frequency' iwe masafa, yanayopanda na kushuka: masafa ya juu, masafa ya chini. Hayo ndiyo ambayo Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huvigawia vituo. 'Wavelength' iwe urefu wa wimbi, na 'shortwave' iitwe mawimbi mafupi. Wimbi huwa refu au fupi. Masafa huwa ya juu au ya chini.