Ubao Mweusi wa Jericho: Theluji Mbele ya Kamera

Umbo la theluji lilikuwa limewashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa karne mbili na ushei kabla ya kamera kuelekezwa kwake. Mwaka 1611 mwanafalaki Johannes Kepler, aliyekuwa akiishi Prague, aliandika kijitabu kilichouliza kwa nini theluji hudondoka ikiwa na pembe sita, wala si tano wala saba, na mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke akachapisha michoro ya theluji kama alivyoiona kwa hadubini, yaani chombo cha lenzi kinachokuza vitu visivyoonekana vyema kwa macho matupu. Jibu la swali la Kepler limo katika fuwele, ambayo ni kitu kigumu ambacho molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia: molekuli za maji zinapoganda hushikana katika pete za sita sita, na umbo hilo dogo mno ndilo linalojitokeza katika fuwele nzima. Neno barafu limetoka katika Kiajemi, ambako asili yake ni jina la theluji, na ukoo huo wa maneno unaafikiana na fizikia, kwa kuwa fuwele ya theluji si tone la mvua lililoganda bali ni barafu iliyozaliwa moja kwa moja na mvuke wa mawinguni.

Mchoro, hata uwe wa fundi, haukutosha, kwani theluji haimsubiri mchoraji. Wilson Bentley, aliyezaliwa mwaka 1865 katika familia ya wakulima mjini Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, aliujua udhia huo tangu ujana wake, baada ya mama yake, aliyewahi kuwa mwalimu, kumpa hadubini kuukuu alipokuwa na miaka 15. Fuwele nyingi zilimyeyukia kabla penseli haijamaliza kazi, hata alipounganisha hadubini na kamera na, tarehe 15 Januari 1885, kupata picha yake ya kwanza.

Kazi yenyewe aliifanyia katika kibanda kisicho na moto, kwa sababu chombo chochote chenye joto kingeiharibu fuwele mara moja. Aliikinga theluji kwa ubao mweusi, akaikagua upesi, akaifuta kwa unyoya ile isiyomfaa, na alipoona fuwele iliyomridhisha aliinyanyua kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kipande cha kioo na kuibana taratibu kwa unyoya, huku ameziba pumzi ili joto la kinywa lisiifikie. Kisha aliielekeza kamera kwenye mwanga wa mchana, ili mwanga upenye ndani ya barafu na kudhihirisha mistari na vijishimo vyake. Kwa njia hiyo, katika muda wa zaidi ya miaka 40, alipata picha zaidi ya 5,000.

Unyoya huo uliofuta ndio unaostahili kuangaliwa zaidi, maana uzuri uliomo katika picha hizo ulikuwa umekwisha kuchaguliwa ubaoni. Tena kulikuwa na jambo la pili: picha iliyopigwa kwa mwanga wa nyuma huionyesha fuwele nyeupe juu ya weupe, na Bentley, kwa kutumia nakala ya kioo cha negativu, alikwangua kwa kisu utando wa dawa uliozunguka fuwele ili picha itokee kwenye weusi mtupu. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Berlin, Gustav Hellmann, ambaye kitabu chake cha mwaka 1893 kilikuwa na picha za theluji zilizopigwa na Richard Neuhauss, nyingi zikiwa na kasoro zake za asili, alilalamika kwamba kisu hicho kilizigusa hata kingo za fuwele. Bentley alishikilia kwamba ukwanguaji uliikaribisha picha na uhalisi. Lakini katika suala la uteuzi, ambalo ni zito kuliko la kisu, lawama ya Wajerumani haikukosa msingi. Kitabu cha Bentley chenye picha zaidi ya 2,400 kilitoka Novemba 1931, na mwezi uliofuata akafariki kwa homa ya mapafu.

Aliyezihurumia fuwele zenye kasoro alikuwa Mjapani Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Hokkaido mjini Sapporo, aliyevutiwa na picha za Bentley lakini akapiga pia zile zilizopinda, zilizovunjika na zisizolingana, akitaka kujua kila umbo lilizaliwa katika hali gani ya hewa. Ili kulijua hilo ilimbidi aikuze theluji mwenyewe, na tatizo likawa kitu cha kuitundikia, kwa kuwa kwenye nyuzi za kawaida mvuke uliganda kama ukoga. Mwaka 1936, katika chumba cha baridi kali, fuwele moja moja zilikubali kuota kwenye unywele wa sungura, na hapo ikabainika kwamba karibu na nyuzijoto 5 chini ya sifuri huota sindano na nguzo nyembamba, ilhali zile nyota zenye matawi, ambazo Bentley alizikinga kwa miaka mingi, hupendelea nyuzijoto 15 chini ya sifuri pamoja na mvuke mwingi.