Ruai: Mabwawa ya maji taka yanayowavuta ndege wa Ulaya na Siberia

BARIDI inapotanda Ulaya na kaskazini mwa Asia, ardhi huganda, wadudu hutoweka na maziwa hufunikwa na barafu. Ndege wanaotegemea maji na matope kwa chakula hulazimika kuhama, na sehemu ya msafara huo mkubwa huishia Afrika Mashariki. Wa kwanza hutua Kenya kuanzia Agosti na Septemba, idadi huongezeka kati ya Novemba na Februari, na kufikia Aprili wengi huwa wamekwisha kurejea kwao kutaga mayai.

Kwa mkazi wa Nairobi, kalenda hiyo huenda ikamchanganya. Baridi ya jiji hili huwa Juni hadi Agosti, wakati ambapo wengi wa wageni hao hawapo. Msimu wao hapa ni ule wa mvua za vuli na jua kali linalofuata. Anayetaka kuwatazama au kuwapiga picha hana budi kufuata majira ya kaskazini mwa dunia, si ya hapa nyumbani.

Jambo lisilojulikana na wengi katika mitaa ya Eastlands ni kwamba si lazima kusafiri hadi Nakuru au Naivasha ili kuwaona. Mojawapo ya maeneo bora zaidi ya ndege wa majini karibu na jiji ni mabwawa ya kusafishia maji taka ya Dandora, ambayo, licha ya jina hilo, yako Ruai, upande huo huo wa mashariki.

Jiji juu ya kinamasi

Jina Nairobi linatokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika mwaka wa 1899, kambi iliyogeuka kuwa jiji ilijengwa kwenye ardhi tambarare yenye majimaji. Pumwani, ambako Majengo iko, ilianzishwa katika miaka ya 1920 kama makao ya Waafrika, karibu na Mto Nairobi unaopita Gikomba kabla ya kuelekea Kariobangi, Dandora na hatimaye Mto Athi.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya majimaji ilitoweka kadiri jiji lilivyopanuka. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 kusini mwa jiji na kuwahi kuwa uwanja wa mashua, lilimezwa na magugu-maji, takataka na udongo. Mto wenyewe, unapopita Gikomba, umekuwa njia ya uchafu. Wanaoonekana kandokando yake zaidi ni kongoti, kunguru na mwewe, ndege wanaofuata mabaki ya chakula.

Jinsi maji taka yanavyozaa chakula

Mitambo ya Ruai ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa inasimamiwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Hupokea maji taka ya sehemu kubwa ya jiji. Maji hayo hupitishwa katika msururu wa mabwawa. Katika yale ya kwanza, yenye kina kirefu, uchafu mzito huzama na kuozeshwa na bakteria. Katika yanayofuata, jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, na vijidudu huendelea kula uchafu uliosalia. Maji yanayofika mabwawa ya mwisho huwa yamepungua madhara, kisha humwagwa mtoni.

Utaratibu huo wa usafi ndio unaowaandalia ndege mlo. Mwani, viluwiluwi vya mbu na vya visubi, pamoja na viumbe wengine wadogo, hustawi humo kwa wingi. Kwa kuwa mabwawa hutofautiana kwa kina na kwa usafi, kila aina ya ndege hupata pahali pake. Kwa sababu hiyo, mabwawa haya yametambuliwa kuwa mojawapo ya Maeneo Muhimu ya Ndege nchini Kenya.

Wageni na wenyeji

Miongoni mwa wageni ni bata mwenye domo pana kama beleshi, ambaye huchuja chakula juu ya maji, na bata mwenye mkia mrefu uliochongoka. Kwenye kingo zenye matope hukusanyika chamchanga wa aina mbalimbali. Mdogo zaidi kati yao ana uzito wa takriban gramu 25 tu, ilhali huzaliana katika nyika za baridi za kaskazini mwa Urusi. Mbayuwayu wa Ulaya hupita chinichini wakinasa wadudu, na buabua hurukaruka juu ya maji.

Wapo pia wenyeji wasiohama mbali: bata bukini wa Misri, kibisi, kukuziwa mwenye paji jeupe la uso, mnandi na yangeyange. Anayeanza anashauriwa kuwajua hawa kwanza, kwani bila hivyo kila bata ataonekana mgeni.

Heroe, maarufu kama flamingo, huchanganywa mara nyingi na ndege wa msimu wa baridi. Kwa kweli, heroe wadogo wa Bonde la Ufa ni wa Afrika Mashariki yenyewe. Huhama kutoka ziwa moja la magadi hadi jingine, na Ziwa Natron nchini Tanzania ndilo kituo chao kikuu cha kuzaliana katika eneo hili. Maji ya Ziwa Nakuru yalipoongezeka kuanzia mwaka wa 2010 na kupunguza makali ya magadi, wengi walihamia maziwa mengine, hasa Bogoria.

Kutazama na kupiga picha

Saa bora ni tangu macheo hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri. Karibu na ikweta jua la mchana huwa utosini. Mwanga wake huunguza weupe wa manyoya na kuficha macho ya ndege kivulini. Mpigapicha asimame jua likiwa mgongoni mwake na ashushe kamera karibu na usawa wa maji.

Darubini ya kipimo cha 8x42 yatosha kwa kutazama. Kwa picha, lenzi ya milimita 400 au zaidi husaidia, na ndege anaporuka kasi ya kamera isipungue sehemu moja ya elfu ya sekunde. Asiye na vifaa hivyo anaweza kuweka simu kwenye tundu la darubini na kupata picha ya kumbukumbu. Ndege asitimuliwe ili apigwe picha akiruka: mgeni huyu hula ili kujaza mafuta ya safari ya kurudi, na kila anaporushwa hupoteza sehemu ya akiba hiyo.

Ruai ni eneo la kazi, si bustani. Ruhusa ya kampuni huhitajika, na ni vyema kwenda kwa kikundi. Maji yasiguswe, kingo zenye utelezi ziepukwe, na ikumbukwe kuwa viboko wamewahi kuonekana humo.

Mizozo ya ardhi

Mustakabali wa mabwawa haya umefungamana na suala la ardhi. Mnamo Mei 2020, serikali ilibomoa nyumba Kariobangi na Ruai ikisema zilikuwa kwenye ardhi iliyotengewa mitambo ya maji taka. Familia nyingi ziliachwa bila makao wakati wa janga la corona, huku baadhi ya wakazi wakishikilia kuwa walinunua viwanja vyao kihalali. Mzozo huo ulidhihirisha jinsi ardhi hiyo inavyong'ang'aniwa jiji linapozidi kupanuka.

Ndege hawana hatimiliki. Ushahidi wao ni hesabu. Kila Januari, wageni wanapokuwa wametulia, wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na shirika la Nature Kenya, pamoja na wahisani wa kujitolea, huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa na ardhi oevu za Nairobi, Dandora ikiwemo. Kazi hiyo imeendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hesabu hizo hulinganishwa na za nchi nyingine ili kujua ni ndege gani wanaopungua, na pahali gani pakiharibiwa patawaacha bila pa kutua. Anayeanza hahitaji shahada wala kamera ghali ili kushiriki. Mara nyingi huwekwa pamoja na mzoefu, akapewa daftari, akaanza na kukuziwa.