Mtoto Anapokwama Kusema

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walikuwa wakituonya sisi wakubwa tunaoropoka. Wiki hii nataka tuutazame ulimi unaojikwaa kwa namna nyingine, yaani ulimi wa mtoto mwenye kigugumizi, na jinsi wakubwa walivyohangaika nao tangu kale.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kitindamimba wangu alipofikisha miaka minne alianza kukwama kwenye maneno. "Ba-ba-baba, na-na-naomba maji." Mimi ninayelipwa mshahara kwa kusema nikaona aibu mbele ya wageni. Nikamkemea: "Sema sawasawa! Vuta pumzi, anza upya!" Alinyamaza. Baada ya siku chache akawa anaonyesha mtungi kwa kidole badala ya kuomba maji. Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta historia ya jambo hili, na niliyoyakuta ndiyo ninayokuletea.

Kigugumizi si ugonjwa wa juzi. Wasomao Biblia na wasomao Kurani wote wanajua habari za Nabii Musa na uzito wa ulimi wake. Kule Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwapo msemaji mashuhuri aitwaye Demosthenes, ambaye husimuliwa kwamba alijizoeza kusema akiwa na vijiwe kinywani mpaka ulimi ukatii.

Si wote waliokuwa na subira ya vijiwe. Mwaka 1841, mjini Berlin, daktari mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach aliamini kwamba kasoro imo ndani ya ulimi wenyewe, akawa anawakata wagonjwa kwenye shina la ulimi. Wakati huo dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa bado haijaingia katika upasuaji. Lakini tusimcheke Mjerumani huyo. Hata kwetu, mtoto akichelewa kusema, wapo ambao jambo la kwanza ni kumfunua kinywa watazame kama ana udata, na wembe u tayari.

Karne ya 20 ikaja na njia ya upole zaidi. Lionel Logue, mtu wa Australia, hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa usemi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliwasaidia askari ambao vita viliwaharibia usemi. Baadaye akahamia London, na mwaka 1926 akaanza kumsaidia mtoto wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme George wa Sita. Mfalme huyo alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Tena alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia, kama wengi wetu tulivyoshuhudia fimbo ikifanya kazi hiyo shuleni. Tarehe 3 Septemba 1939 alisimama mbele ya maikrofoni kuutangazia ulimwengu kwamba nchi yake imeingia vitani, na Logue alikuwa naye pale.

Mwaka huohuo wa 1939, ng'ambo ya pili ya bahari, watoto ambao hawakuwa wa mfalme wala wa mtu yeyote walitendewa mengine.

Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, kilikuwa ngome ya elimu hii mpya ya kutibu usemi. Hapo alikuwapo mtaalamu Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Johnson alikuwa na wazo kwamba kigugumizi huanzia kwenye sikio la mzazi. Kila mtoto mdogo hukwamakwama akijifunza kusema. Mzazi mwenye wasiwasi akimwambia kwamba ana kigugumizi, mtoto huogopa, na hofu hiyo ndiyo humkwamisha kweli.

Ili kulipima wazo hilo, mwanafunzi wake wa shahada ya pili, Mary Tudor, alipelekwa kwenye kituo cha watoto yatima katika mji wa Davenport. Kuanzia Januari hadi Mei alishughulika na watoto 22. Miongoni mwao, 12 walikuwa wakisema vizuri kabisa. Katika hao, sita walisifiwa usemi wao. Sita waliobaki waliambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi, wajizuie kwa kila njia, na wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika watasema bila kosa. Walezi wa kituo nao waliambiwa hivyohivyo.

Matokeo yake yalikuwaje? Wataalamu waliozipitia upya kumbukumbu hizo miaka mingi baadaye wanasema watoto wale hawakugeuka kuwa na kigugumizi halisi. Lakini walianza kuona haya, wakajitenga, wakajibu kwa neno moja moja au wakakaa kimya. Tudor mwenyewe alirudi kujaribu kuwatuliza, lakini haikusaidia sana. Tasnifu yake ikawekwa maktabani, na watoto hawakuambiwa ukweli.

Mwaka 2001 gazeti la San Jose Mercury News la Marekani liliifichua habari hiyo. Chuo kikuu kikaomba radhi mwaka huohuo, na mwaka 2007 Jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kumaliza kesi. Waliokuwa watoto mwaka 1939 walikuwa sasa wazee.

Leo wataalamu wanajua kwamba kigugumizi kina asili yake katika ubongo na katika damu ya ukoo, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Wazazi hawakisababishi. Watoto wengi wanaoanza kukwama wakiwa na miaka miwili hadi mitano hupona wenyewe, na kwa wale ambao hakiwaachi, tiba ya usemi ipo. Hapa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu hao mwaka 2008. Bado ni wachache mno, na mzazi wa kijijini hawezi kuwafikia.

Basi wakati tunawangoja, lipo tuwezalo kufanya sisi wenyewe, na halina gharama. Mtoto akikwama, mngoje. Mtazame usoni, sikiliza anachosema, wala usimmalizie neno. Wenzake wakimcheka, wakanye. Na hali ikiendelea kwa miezi, usiende kwa mwenye wembe, nenda hospitali ukaulize.

Mwanangu sasa ana miaka sita. Akichangamka bado hukwama, na siku nyingine taarifa ya habari inakaribia kuanza naye hajamaliza kunisimulia ya shuleni. Namngoja. Maji anaomba mwenyewe.