Nyoka wa Uluguru atiwe rangi gani?

Mabinti wengi siku hizi wanajifunza kutia rangi viumbe vya kufikirika kwenye simu na vishikwambi. Ukitazama kazi zao, karibu kila joka ni lile lile: lina mabawa, linatema moto, na nyuma yake kuna ngome ya mawe ya Ulaya. Hatuwalaumu, ndiyo michoro wanayokutana nayo. Lakini nchi yetu ina viumbe vyake, na kimoja makao yake ni milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro.

Jina lake Kolelo. Waluguru na Wazaramo walimjua kuwa nyoka mkubwa akaaye pangoni, na watu walitoka mbali kwenda kumwomba mvua. Ukiitazama milima utaelewa kwa nini. Inapanda zaidi ya mita 2,600, hukamata mawingu ya Bahari ya Hindi, na humo huanzia mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam mpaka leo.

Simulizi moja iliyoandikwa zama za Wajerumani inasema Kolelo alimtwaa mwanamke akawa mkewe, na ukoo wa mwanamke huyo ukapewa kazi ya kumhudumia. Kwa Waluguru, wanaohesabu ukoo upande wa mama, hilo si jambo dogo. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale alipowagawia watu maji ya dawa huko Ngarambe, jina la Kolelo nalo lilitajwa katika habari za vita vya Majimaji. Sisi hatumsimulii ili aabudiwe. Mvua huteremshwa na Mungu. Tunamsimulia kwa sababu ni historia, na historia isiyosimuliwa huzikwa pamoja na bibi aliyeijua.

Rangi tutaitoa wapi? Tanzania ina walimu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki kwa risasi mwaka 1972, kazi ikaendelezwa na ndugu na wanafunzi wake. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, aliwatoa mashetani kwenye vinyago akawaweka kwenye picha, wenye masikio makubwa na rangi za furaha. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, akiwa amejulikana duniani bila kuazima joka la mtu.

Mtindo wa Tingatinga unafundisha hata kwenye kioo cha simu. Mchoraji hupaka kwanza rangi moja ubao mzima, akangoja ikauke, ndipo achore mnyama, na madoadoa huja mwisho. Programu kama Krita, ambayo ni ya bure, au ibisPaint ya simuni, hufuata mpango huo huo kwa matabaka, ila hakuna kungoja. Tabaka la juu weka mistari ya mchoro. Chini yake weka rangi bapa, bila kivuli. Katikati ongeza tabaka la kivuli, ulipange katika hali ya kuzidisha, ili kivuli kiitie giza rangi ya chini bila kuifuta. Kisha amua mwanga unatoka wapi. Kolelo yumo pangoni, basi mwanga uingie kwa mlango wa pango tu. Mgongo ung'ae, mkia upotee gizani.

Na magamba? Katika misitu ya Uluguru yupo nyoka mdogo wa mitini, mwenye sumu, mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama pembe. Wapo wa njano, na wapo weusi. Hapo pana rangi ya kuanzia. Milima ya nyuma ipauke na kuelekea buluu, kwa kuwa ukungu ndivyo unavyofanya kule.

Basi mama, binti yako akifungua ukurasa mtupu, mhadithie kwanza. Asipopata habari za Kolelo kwako, atachora joka la watu wengine, na atalichora vizuri sana.