Maumivu yaliyochelewa kupata jina

Hapa kambini wako watu wengi, hasa akina mama, wanaosema: "Mwili wote unaniuma." Wanapimwa malaria, hakuna. Wanapimwa damu, iko sawa. Wanapewa vidonge vya maumivu, wakifika nyumbani jirani anasema ni uvivu. Maneno haya si mapya, yana historia yake.

Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London aliandika juu ya maumivu ya mgongo na misuli. Alidhani ndani ya nyama kuna uvimbe, akayaita fibrositi. Waliokuja baadaye walitafuta uvimbe huo, hawakuuona. Basi wengi wakasema: kama uvimbe hakuna, ugonjwa pia hakuna, ni mawazo tu.

Mwaka 1981, Marekani, Muhammad Yunus na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 50 na watu wazima wa afya 50. Wagonjwa walikuwa na mambo yanayofanana: uchovu, usingizi usiopumzisha, kichwa kuuma, tumbo kusumbua. Jina la fibromialjia likapata nguvu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani wakaweka kanuni: maumivu ya mwili mzima kwa miezi 3 au zaidi, na kati ya sehemu 18 zinazobonyezwa, angalau 11 ziume. Mwaka 2010 wakatoa kanuni nyingine isiyohitaji kubonyeza. Sasa unaulizwa: unaumwa wapi, unaamkaje, unachoka vipi, unasahau? Yaani neno la mgonjwa likawa kipimo. Miaka zaidi ya 100 imepita ili mtu asikilizwe!

Leo tunajua kwamba ubongo na neva vinayakuza maumivu kupita kiasi. Dawa ya kuumaliza kabisa haijapatikana, ila hauharibu viungo. Kinachosaidia ni kutembea na kujinyoosha kidogo kidogo, kulala saa zilezile, kupunguza msongo na kugawa kazi. Badala ya dumu la lita 20, beba la lita 5 na upumzike njiani. Lakini ukiwa na homa, ukikonda au viungo vikivimba, rudi ukapimwe, huenda ni kitu kingine.

Na nyinyi mnaotuhudumia, vipimo vikitoka safi, msifunge faili hapo. Muulizeni mama analala vipi.